Mstari wa Kakenya

Eunike hajui kukaa. Ukimpa kigoda anakikalia nusu, mguu mmoja uko tayari kuondoka. Chai anainywa akitembea uani, simu mkono wa pili, na upepo wa Karatu ukileta vumbi jekundu anafunika kikombe kwa kiganja bila kusimama. Chumba chake na nyumba yangu vina ua mmoja, nyuma ya barabara ya lami ambako magari ya watalii hupita tangu alfajiri kwenda Ngorongoro, na hivyo ndivyo nilivyomwona kwa miaka yote aliyokaa hapa. Baba yake, Sironka, alikuwa rika langu. Angekuwa hai angesema binti yake ana mwendo wa ndama aliyefunguliwa asubuhi.

"Takwenya," namwambia anapopita.

"Iko, baba," anajibu, na anainamisha kichwa nikiguse, lakini upesi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia.

Kazi yake ni ripoti. Yuko kwenye ofisi ya kampuni ndogo ya jibini hapa mjini. Maziwa yanakusanywa Enguserosambu, kwao, kule juu Loliondo, na jibini inatengenezwa hukohuko. Kisha gari la kampuni linaishusha kupitia Sale na Engaresero, linazunguka Mto wa Mbu, linapanda mpaka hapa, na hoteli zinaikata vipande vidogo na kuwauzia wageni. Zamani maziwa hayo yalikuwa na wenyewe: ndama kwanza, kisha mtoto, mgonjwa, mgeni. Siku hizi yana mteja.

Mwaka jana kampuni ililetewa programu mpya ya ripoti. Eunike alinionyesha siku moja, kompyuta ameiweka juu ya pipa la maji, mwenyewe amesimama. Kila familia ina mstari wake. Jina la anayeleta maziwa, idadi ya ng'ombe wake wa maziwa, wastani wa lita kwa siku, halafu safu ya mwisho ambayo programu inaijaza yenyewe: lita zigawanywe kwa ng'ombe. Wanaita uwiano. Mstari kwa mstari, kila mmoja peke yake, bila kumtazama jirani wa juu wala wa chini. Ng'ombe wetu hutoa lita moja, moja na nusu, mbili kama mvua imekuwa njema. Uwiano ukivuka tatu, mstari unageuka mwekundu, maana yake mwenye maziwa anatia maji. Ukishuka mno unageuka wa njano, maana yake anauza kwingine kwa siri. Mwekundu wa miezi miwili mfululizo anaondolewa, gari halichukui tena maziwa yake.

"Kwa hiyo mtu akipakwa rangi amekuwa mwizi," nilimwambia.

"Si mwizi, baba. Ni tahadhari."

"Tahadhari kwa nani?"

Alifunga kompyuta. "Wewe ungependa nikae nyumbani nishone shanga."

"Ungekaa? Wewe?"

Alicheka, akaondoka.

Idadi ya ng'ombe aliitoa kwenye orodha ya chanjo. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mwenye zizi anasimama mlangoni jioni, anawatazama wakiingia, na anayekosekana anajulikana kwa rangi na pembe. Eunike hakutaka kumuuliza mzee yeyote swali la aibu, kwa hiyo akachukua namba za chanjo, ambako kila ng'ombe ameandikwa kwa jina la mwenyewe. Alidhani hapo amekuwa na adabu, na kwa kweli alikuwa nayo.

Ripoti ya kwanza ilileta kichekesho. Mstari wa mwisho, ule wa jumla, ulisema ng'ombe wa Enguserosambu wanatoa zaidi ya lita mbili kila mmoja, tena katikati ya kiangazi. Eunike alizunguka uani akiongea peke yake, kisha akaja kunieleza kwa vidole. Programu ilikuwa ikichukua majibu ya mistari yote na kutafuta wastani wake, hivyo boma la ng'ombe wawili lilikuwa na sauti sawa na boma la ng'ombe arobaini. Alibadilisha hesabu ya chini: lita zote zijumlishwe kwanza, ng'ombe wote wajumlishwe, ndipo wagawanywe mara moja. Ikatoka lita moja na kidogo, kama mtoto yeyote wa huko angekuambia. Meneja wake, Raymond, kijana mpole aliyesomea biashara Dar es Salaam, alimsifu mbele ya ofisi nzima.

Lakini kurekebisha jumla hakukugusa mistari. Ule uliokuwa ukiivuta jumla juu ulibaki palepale, mwekundu. Kakenya, ng'ombe wawili, lita kumi na mbili. Uwiano sita.

Kakenya ni mjane wa boma la jirani na kwa Sironka. Mama yake Eunike alipofariki, ni Kakenya aliyemchukua mtoto, akamlaza kwake, akamfundisha kukamua na kufukiza kibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien mpaka maziwa yanukie. Eunike anamwita yeyo, mama, wala hana mwingine wa kumwita hivyo. Na mwanamke wa kwetu ukimwambia anatia maji kwenye maziwa, afadhali umwambie amemnyima mtoto chakula. Sasa Kakenya alikuwa na mwezi mmoja tu kabla gari halijaanza kumpita, na aliyeziandika namba hizo kwenye kompyuta ni binti aliyemlea.

Raymond alimwita ofisini.

"Ng'ombe wa lita sita ni wa aina gani huko kwenu?"

"Hakuna ng'ombe kama huyo."

"Basi?"

"Yeyo hatii maji."

"Yeyo ndiye nani?"

"Mama yangu. Aliyenilea."

Raymond alishusha pumzi. "Hapo ndipo unaponiharibia, Eunike. Sasa hata ukisema kweli itaonekana undugu."

"Twende ukaonje mwenyewe."

"Mimi nakuamini. Lakini wenye kampuni wako Arusha, wanasoma rangi. Hawaonji maziwa."

Eunike alirudi mezani, akashindwa kukaa, akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe akiitazama ile mistari. Chini ya mwekundu wa Kakenya kulikuwa na wa njano: Senteu, ng'ombe kumi na sita, lita nane. Nusu lita kwa ng'ombe. Na Senteu si mtu wa kuwa na ng'ombe wakavu. Hapo akamkumbuka ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe aliyekuwa akimkamua kwa Kakenya alipokuwa mdogo, aliyempiga teke akamwaga kibuyu. Ng'ombe yule alikuwa na chapa ya Senteu. Alichukua mistari miwili akaifanya mmoja, ng'ombe kumi na wanane, lita ishirini. Ikatoka lita moja na kidogo.

Alifika uani nusu akikimbia.

"Baba, ng'ombe wa Senteu wako kwa yeyo."

"Bila shaka."

"Kwani ulijua?"

"Sikujua. Lakini mtu mwenye ng'ombe wengi atawaweka wote zizi moja ili iweje? Ugonjwa ukiingia, ukame ukija, au wakikamatwa malishoni, anabaki na nini?"

Ndivyo tulivyoishi. Ulimpa rafiki ng'ombe wako awe naye, maziwa yakawa ya nyumba inayokamua, ndama wakawa wako, na tangu siku hiyo mliitana Pakiteng, yeye akikuita wewe na wewe ukimwita yeye, hata mkisahau majina yenu mliyopewa na wazazi. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Jambo lenyewe halikuzungumzwa, na kwa mjane halikuzungumzwa hata kidogo, maana ndugu wa marehemu wana masikio, na zizi likionekana limejaa wataliita urithi. Senteu alikuwa amewaweka kwa Kakenya hata kabla mumewe hajafa, na alipokufa hakuwaondoa. Watoto wa Kakenya wamekulia juu ya maziwa hayo. Hakuna boma lililokuwa mstari peke yake. Lakini hilo uliweke kwenye safu ipi?

"Nitaomba safu nyingine," Eunike alisema. "Isiseme ng'ombe ni wa nani. Iseme wanaokamuliwa hapa. Wagawanywe kwa hiyo."

"Nenda polepole na jambo hilo."

"Gari linarudi kesho, baba. Nina wiki mbili."

Alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Raymond aliikubali safu mpya bila ubishi, kwa sababu ilikuwa na akili. Eunike akapanda gari la jibini likirudi tupu, akafika Enguserosambu, na asubuhi alikuwa kituo cha njiani ambako gari huchukua maziwa, karibu na kwa Kakenya, kabla wanawake hawajashusha makeni yao. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, akizunguka pipa la maji, na sijaongeza neno.

Alianza kwa kupima maziwa ya Kakenya mbele ya watu. Kipimo kikasimama panapotakiwa. Maziwa safi, hayana tone la maji. Alifurahi mno, na nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomfanya asahau yuko wapi. Wanaume walikuwa wameketi pembeni kama kawaida yao, Senteu akiwa ameegemea fimbo, na Sitonik, shemeji yake Kakenya, akitafuna mswaki.

"Yeyo, unakamua ng'ombe wangapi?" Eunike aliuliza, kalamu mkononi.

Wanawake waliokuwa wakipiga soga wakageuka kumtazama.

"Nakamua waliopo."

"Naomba namba tu. Ni ya kompyuta."

"Kompyuta inywe maziwa, isiulize habari za ng'ombe."

Watu wakacheka, na Eunike akacheka nao. Dereva akapiga honi, injini ilikuwa inaunguruma. "Basi nitasema mimi, jana jioni niliwaona wakiingia zizini. Wako ni wawili, wa Senteu saba. Tisa. Au nimekosea?"

Kakenya aliokota kibuyu chake akaanza kukifuta, ingawa kilikuwa kikavu.

"Kumbe shemeji ana zizi zima," Sitonik alisema kwa sauti ya utani. "Na sisi tunamhurumia, tunampelekea chumvi."

"Chumvi yako sijaionja," Kakenya alisema. "Labda ulimpelekea mwingine."

"Tisa," Sitonik alirudia, akautoa mswaki mdomoni. "Na imeandikwa."

Senteu alisogea. Hakuwa na hasira, Eunike anasema, na hilo lilimwumiza zaidi. "Binti wa Sironka, hiyo kompyuta inasema ng'ombe ni wa nani?"

"Haisemi ni wa nani, baba. Inasema wanakamuliwa wapi."

"Imewaandika kwenye jina la nani?"

"La Kakenya. Ni mstari wake."

"Na siku atakapoisoma mtu mwingine, wewe hupo, atajuaje?"

Jina kwenye mstari ni moja tu.

Kesho yake asubuhi Senteu alikwenda kwa Kakenya mwenyewe, hakutuma mtu. "Pakiteng," alimwambia, "nikiwaacha hapa, siku moja nitawadai barazani mbele ya shemeji zako, nikiwa na wewe upande wa pili. Sitaki tufike huko." Kakenya alisema amesikia. Akawafungua ndama yeye mwenyewe, akawasindikiza mpaka kwenye korongo, na mmoja mweusi, mjukuu wa yule aliyempiga Eunike teke, alirudi nyuma mara kadhaa akilia mpaka wakamchapa.

Eunike alirudi Karatu na safu yake mpya. Mwezi ulipokwisha ripoti ilitoka safi kuliko zote zilizotangulia. Senteu, ng'ombe kumi na sita, lita kumi na saba. Kakenya, ng'ombe wawili, lita tatu, uwiano moja na nusu. Hapakuwa na mwekundu wala wa njano, kurasa zote kijani kama shamba la ngano la Karatu mwezi wa Aprili. Raymond aliipeleka Arusha na kupongezwa.

"Umeona?" alimwambia Eunike. "Taarifa zikinyooka, kila kitu kinanyooka."

Wiki iliyofuata Kakenya alipiga simu. Mazungumzo niliyasikia, maana Eunike huweka spika ili mikono yake iwe huru kufanya kazi nyingine.

"Mwanangu, gari limenipita."

"Lini?"

"Tangu Jumatatu. Dereva ananipungia mkono. Ana adabu zake."

Gari halisimami kwa pungufu ya lita tano. Ni kanuni nyingine, iko kwenye ukurasa mwingine, imetungwa kwa ajili ya mafuta. Eunike alikimbilia ofisini, na Raymond akamweleza kwa huruma ya kweli kwamba Kakenya hakufukuzwa. Mstari wake upo. Ni wa kijani. Akipata lita tano gari litasimama siku hiyohiyo.

Jioni ile Eunike hakunywa chai. Alitembea kutoka lango mpaka pipa, kutoka pipa mpaka lango, mpaka mbwa aliyekuwa akimfuata akachoka akalala. Ningemwambia nini? Tulikuwa na njia ya kumficha mjane ndani ya zizi la rafiki, ikadumu muda mrefu kuliko serikali zote nilizozishuhudia, na ikavunjwa asubuhi moja na mtu aliyempenda, kwa swali la maana kabisa. Nimejisomea vitabu vingi peke yangu, vikiwemo vya hesabu, wala sijaona mahali palipoandikwa kwamba kugawanya ni kosa. Ila waliovitunga hawakuwahi kumwachia mtu ng'ombe wao.

Mwishowe alisimama, akampigia mdogo wake, Tajewo, aliyebaki na zizi la baba yao. Humo Eunike ana ng'ombe wawili, Sironka alimpa alipomaliza shule. Walikuwa wamezaa mwaka huo.

"Wale wangu wapeleke kwa yeyo," alisema. "Na ndama zao... Ndiyo, wote wawili... Jioni, pamoja na wale wake wakirudi malishoni. Usimwambie mtu." Akasikiliza kidogo. "Mpaka lini? Tajewo, hilo ni swali la kompyuta."

Gari lilianza kusimama tena kwa Kakenya. Na ripoti ya mwezi ilipofunguka, katikati ya kijani chote kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: ng'ombe wawili, lita saba, uwiano tatu na nusu. Mstari wa Tajewo ulikuwa umeshuka kidogo, lakini haukufika njano.

Raymond aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea. "Kakenya tena."

"Nimeuona."

"Ana ng'ombe wengine pale?"

Eunike alisogeza kiti chake bila kukikalia.

"Kama wapo, ongeza kwenye safu. Uliiomba mwenyewe, dakika moja tu mambo yamekwisha."

"Siongezi."

"Eunike, nimekusaidia mpaka nimefika mwisho. Nikiwapelekea Arusha wekundu huu bila neno, mwezi ujao mama yako hayupo. Niwaambie nini?"

"Kwamba mstari umekaguliwa. Nilitumiwa picha za kipimo kutoka kituoni kila asubuhi, maziwa ni safi. Chini kuna nafasi ya maelezo, hatujawahi kuitumia. Weka jina langu."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na siku wakituma mtu wao akakuta maji?"

"Utaondoa wawili. Yeye kwenye maziwa na mimi kwenye kiti hiki."

"Kiti chenyewe hujawahi kukikalia," Raymond alisema. Akamsogezea kibodi. "Andika mwenyewe. Kwa mkono wangu sitaandika."

Aliandika akiwa amesimama. Arusha waliuliza mara moja, wakajibiwa, hawajauliza tena, ingawa wanaweza kuuliza kesho. Kila ripoti inapotoka mstari huo ni mwekundu, na kila ripoti inapotoka Eunike anazurura uani kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, kwa sababu kazi yake yote imefungwa kwenye mstari mmoja wenye jina la mtu mwingine.

Wale saba wa Senteu hawakurudi. Nasikia amewakusanya na wengine aliokuwa amewaweka kwa marafiki, kila mmoja kwenye zizi lake sasa, na vijana wanamsifu kwamba mzee amejipanga. Kiangazi kikali kikija watakufa pamoja, na hesabu yake itakuwa rahisi kabisa.

Juzi Kakenya alipiga simu. Eunike alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, anafunga kiatu kwa mkono mwingine, spika wazi kama kawaida.

"Takwenya, Pakiteng," sauti ya Kakenya ilisema.

Eunike aliacha kiatu. Tangu amchukue kumlea, mama huyo alikuwa akimwita mwanangu.

"Iko, Pakiteng," alijibu, taratibu.

Kisha honi ya gari la ofisi ikalia barabarani, akaitikia "nakuja" huku amekwisha kutoka, kiatu kimoja hakijafungwa, na mchele akaniachia mimi.